Somo la Kwanza, Saa Nane Mchana

Nimepewa saa moja kufundisha Tao.
Kwenye ratiba wameliandika kwa penseli,
nami nikasema moyoni: hapo wamepatia,
neno hili halipendi wino.

Dodoma, chumba cha kumi na mbili.
Vumbi la Septemba limewahi viti vya mbele
kabla ya wanafunzi.
Naandika ubaoni: TAO, maana yake njia.
Chiloloma ananyoosha mkono:
njia ya kwenda wapi, Mwalimu?
Nafuta. Panabaki ukungu wa chaki.

Basi ngoja nianzie kwetu, Bahi,
kwenye mto ambao miezi minane ni mchanga mtupu.
Mama alinipa kata na ndoo, akasema chimba.
Nikachimba kama mtu anayedaiwa.
Kingo zikaporomoka, shimo likajifukia,
nikachimba tena huku nalia, likajifukia tena.
Mama akaja, akapiga magoti,
akakwangua kidogo, akatoa mkono.
Akanivuta mapajani, akaanza kunisuka.
Tulipofika msuko wa nne
maji yalikuwa yamekuja yenyewe,
kimo cha kidole, ya tope kwanza, kisha maangavu.

Hiyo wao huiita kutenda bila kulazimisha.
Usicheke, Chiloloma, si uvivu:
mama alichimba.
Ila alijua pa kukomea.

Sasa tazameni dirishani, kile kilima.
Asubuhi mbuzi walikuwa upande wa kule, wakiota jua.
Mchana huu mbuzi wale wale
wamejilaza upande wa huku, kivulini.
Hakuna aliyejenga ukuta katikati ya kilima.
Wahenga wa Uchina waliviangalia vilima vyao
wakaokota maneno mawili, yin na yang,
ubavu wa kivuli na ubavu wa jua,
kila mmoja ukiwa safarini kuwa mwenzake.

Ni dini au ni falsafa?
Huyo ni Mbeleje; anauliza kwa sababu mtihani utauliza.
Mwanangu, uji na ugali:
unga ule ule, chungu kile kile.
Kuna waliolikoroga jepesi wazo hili,
wakalinywa peke yao milimani, wakinyamaza.
Kuna waliolisonga likasimama:
mahekalu, makuhani, udi,
hirizi za wino mwekundu,
dawa za kuishi milele zilizochanganywa na zebaki,
ambazo ziliwaua baadhi ya wanywaji.
Wana hata mungu wa jikoni.
Mwaka ukiisha hupanda mbinguni
kutoa taarifa za nyumba nzima,
nao humpaka asali mdomoni
ili akifika huko aseme matamu.
Darasa zima linacheka.
Sisi hapa asali tunaijua,
na taarifa kwa wakubwa tunazijua.

Zimebaki dakika kumi. Nauliza jina la mji huu.
Idodomya, wanajibu Wagogo watatu kwa pamoja, imezama.
Tembo, wanasimulia, alishuka kijitoni kunywa,
matope yakampokea.
Hayakumpiga, hayakumfukuza,
yalimpisha tu, mguu baada ya mguu,
uzito wake mwenyewe ukamaliza kazi.
Na sisi juu ya matope yale tumejenga ghorofa za wizara
na tunatembea kwa visigino.

Kengele. Mbeleje bado ananing'ang'ania:
Mwalimu, tafsiri ya Tao tuandike ipi?
Namwonyesha ule ukungu wa chaki.
Ananuna, halafu anaunakili,
anausugua kwa kidole mpaka karatasi inatoboka.

Jioni, Ilazo, ni siku ya mgao.
Natega ndoo, nafungua koki, nakaa kwenye kigoda.
Ndani ya bomba kuna pumzi, kuna kikohozi,
hakuna tone.
Nangoja.
Nangoja kama nilivyofundisha leo.
Kisha nainuka, navua kandambili,
naligonga bomba mara mbili.